Shafti ya mbele ya IST na Vitz: buti kwanza, jointi baadaye

Shafti ya mbele ni chuma kinachopeleka nguvu ya giaboksi kwenye gurudumu; kila ncha ina jointi, kiungo kinachoiruhusu ikunjwe, na kila jointi imefunikwa na buti, mfuko wenye mikunjo unaoshikilia grisi. Gari linalolia "ka-ka-ka" ukikata kona limeshakula jointi ya nje ya shafti, iliyo upande wa gurudumu. Ukifika dukani utawekewa mezani bidhaa tano za kulinyamazisha: seti ya buti na grisi, jointi ya nje peke yake, shafti nzima mpya ya bei nafuu, shafti nzima iliyotumika kutoka Japani, na shafti ya asili iliyofumuliwa na kujengwa upya. Ipo na ya sita, buti iliyopasuliwa ubavuni ili ifungwe bila kuchomoa shafti. Tunazipitia zote kwa ajili ya Toyota ndogo zilizojaa barabarani kwetu, IST na Vitz zaidi, ingawa mwenye Corolla, Raum, Honda Fit au Nissan March atakuta mengi ni yaleyale.

Hukumu tuitoe mapema. Pesa ya kwanza iende kwenye buti nzuri na klampu zake, kabla jointi haijaanza kulia. Ikiwa imeshalia, nunua shafti ya asili iliyotumika na uikague kwa mkono kabla ya kulipa. Jointi mpya isiyo na jina, hata iking'aa vipi kwenye sanduku, iwe chaguo la mwisho. Sababu ziko ndani ya chuma chenyewe, kwa hiyo tuanze humo.

Kilichomo ndani ya shafti moja

Jointi ya kwanza kuvumbuliwa ni krosi, ile ya msalaba inayozunguka kwenye propela, shafti ndefu ya chini ya Hiace na Canter. Ni wazo la zamani sana. Robert Hooke wa Uingereza aliieleza katika karne ya 17, na Clarence Spicer wa Marekani akapata hataza yake kwa ajili ya magari mwaka 1903. Inabeba nguvu nyingi na inatengenezeka kirahisi, lakini ina kasoro ya maumbile: ikikunjwa, upande unaotoa hauzunguki kwa mwendo mmoja. Huharakisha na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko. Kwa pembe ya nyuzi 10 tofauti ni kama asilimia 1.5 juu na chini, na mtu haisikii. Kwa nyuzi 30 mwendo unashuka kwa asilimia 13 na kupanda kwa asilimia 15, na gari linatikisika lote. Kwenye propela dawa yake ni krosi ya pili upande wa pili, yenye pembe sawa na uma zilizopangwa mstari mmoja, ili kosa la kwanza lifutwe na la pili. Gurudumu la mbele linaloendeshwa na injini na papo hapo linageuka kushoto na kulia haliwezi kupewa dawa hiyo, maana pembe yake haitulii.

Jibu lilikuja miaka ya 1920 kutoka kwa Alfred Rzeppa, mhandisi wa Ford. Alitoa msalaba, akaweka gololi sita kati ya kiini cha ndani na bakuli la nje, kila gololi katika mfereji wake, zote zikishikwa na keji moja, pete yenye madirisha. Siri iko kwenye keji hiyo: inalazimisha gololi zikae daima kwenye nusu ya pembe, yaani shafti ikikunjwa nyuzi 40, gololi zinakaa kwenye 20. Zikikaa hapo, mwendo unaoingia ndio unaotoka, bila kupanda wala kushuka. Mwaka 1959 gari la Mini la Uingereza likaipeleka jointi hiyo kwa watu wa kawaida, na tangu hapo karibu kila gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele linaibeba. Mafundi wa Land Cruiser wanaoita jointi ya mbele "birfield" wanatamka jina la kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikiitengeneza, iliyonunuliwa na GKN mwaka 1966.

Upande wa giaboksi kazi ni nyingine. Gurudumu likipanda tuta na kushuka, umbali kati yake na giaboksi unabadilika, hivyo jointi ya ndani lazima iteleze ndani na nje wakati inazunguka. Kwenye IST na Vitz kazi hiyo inafanywa na jointi ya miguu mitatu: kichwa chenye roli tatu, kila roli juu ya beringi za sindano, zikiteleza katika njia tatu. Michel Orain wa Glaenzer Spicer, Ufaransa, ndiye anayetajwa kwa uvumbuzi huo wa miaka ya 1960. Wajapani wa NTN walitatua tatizo lilelile kwa gololi sita katika mifereji iliyonyooka, na gari la kwanza kujulikana nayo ni Subaru 1000 ya mwaka 1966. Kwa hiyo anayefungua shafti ya Subaru akitegemea kukuta roli tatu asishangae akikuta gololi.

Hii ina maana gani kwa mnunuzi? Gololi inagusa mfereji wake mahali padogo kuliko punje ya mchele, na hapo ndipo nguvu yote ya injini inapopita. Chuma cha kawaida kingebonyea siku ya kwanza. Ndiyo maana mifereji hukazwa kwa joto la umeme hadi ugumu wa karibu 58 hadi 62 kwa kipimo cha Rockwell C, huku kiini cha chuma kikiachwa laini kidogo ili kisipasuke. Jointi ya bei ya chini hukosea hapa, nawe huwezi kuona kwa macho. Ukazaji ukiwa mwembamba, ngozi ngumu inavunjika na mfereji unatoboka vishimo. Mifereji isipolingana, gololi mbili au tatu zinabeba mzigo wa sita. Madirisha ya keji yakiwa mapana, gololi zinacheza na sauti inaanza mapema. Jointi kama hiyo ikitoka kwenye sanduku inageuka laini kabisa, maana imejaa grisi mpya. Tatizo linajitokeza baada ya kilomita elfu kadhaa, wakati dhamana ya mdomo ya muuza duka imeshasahaulika.

Buti: raba inayoamua umri wa chuma

Jointi ya asili yenye grisi safi huweza kudumu karibu umri wote wa gari. Kinachoiua ni vumbi na maji, na kinachozuia vumbi na maji ni buti tu. Buti ya nje ikichanika, mzunguko unatupa grisi nje kama kombeo, utaiona imechora mstari mweusi ndani ya rimu na kwenye shokapu. Vumbi la barabara ya udongo linaingia, linachanganyika na grisi iliyobaki na kuwa msasa. Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalifikirii. Jointi ikiwa ya moto halafu gari likaingia kwenye maji, hewa iliyomo ndani inapoa ghafla na kusinyaa, na ufa mdogo usioonekana unavuta maji ndani. Baada ya mvua kubwa Dar es Salaam au Mombasa, gari lililopita majini likiwa na buti yenye nyufa limeshameza maji hata kama buti bado inaonekana nzima ukiitazama kwa mbali.

Kuna buti za aina mbili kuu, na tofauti yake ina maana kubwa wakati wa kununua. Ya kwanza ni ya raba, laini, nyeusi isiyong'aa. Inapindika kirahisi na inakubali klampu ya kawaida, lakini joto na jua huikausha kwenye mabonde ya mikunjo, na huko ndiko inakoanza kupasuka. Ya pili ni ya plastiki inayonyumbulika, ngumu zaidi mkononi, inang'aa kidogo. Inavumilia mawe na mchanga vizuri na haivimbi kwa mwendo wa kasi, ndiyo maana watengenezaji wengi wa magari wameihamia kwa upande wa nje. Kwa barabara za changarawe tunaipendelea hii kwa mbali. Ina sharti moja: inataka klampu ya chuma ya sikio inayobanwa kwa koleo lake maalumu, kwa sababu plastiki hiyo haijikamati yenyewe kama raba. Kuifunga kwa waya, au kwa kamba ya plastiki ya kufungia nyaya, ni kuharibu buti nzuri. Grisi itapenya pembeni ndani ya wiki chache na lawama itaangukia buti.

Dukani ibonyeze mikunjo kwa vidole, kisha ivute uitazame mabonde yake. Buti iliyokaa rafu miaka mingi inaonyesha mistari midogo myeupe kabla hata haijafungwa. Angalia pia kama sanduku lina klampu mbili, kubwa na ndogo, pakiti ya grisi, na pete mpya ya kubania. Seti isiyo na grisi yake mwenyewe tunaipunguzia alama, kwa sababu mnunuzi ataishia kupakwa grisi ya beringi kutoka kopo la gereji.

Grisi nayo ina jina lake. Jointi ya gololi inataka grisi nyeusi yenye molibdenamu, maana gololi zinasugua na kuviringika kwa pamoja. Ile ya miguu mitatu ina beringi za sindano, nayo hutumia grisi iliyokuja na seti yake, mara nyingi ya rangi nyingine. Usizichanganye. Grisi mbili zenye msingi tofauti zikikutana huweza kulegea na kuwa uji, kisha zinatoka nje kwenye klampu. Kiasi kwa gari dogo ni kama gramu 80 hadi 120 kwa jointi. Pakiti ya seti imepimwa kwa hesabu hiyo, itumie yote. Kujaza kupita kiasi hakuongezi uhai wa jointi. Grisi ikipata moto inatanuka na kusukuma buti mpaka itoke kwenye kiti chake.

Buti iliyopasuliwa, ile ya kugundishwa au kufungwa kwa skrubu ubavuni, tunaipa alama ya chini kabisa. Mshono wake unapita kwenye kila mkunjo, na kila kona unayokata inaufungua na kuufunga. Tone moja la grisi kwenye mshono kabla ya gundi kukauka linatosha kuuachia. Inafaa kulifikisha gari nyumbani kutoka safari ya mbali. Vilevile, anayeifunga bila kuchomoa shafti hawezi kuosha uchafu ulioingia, kwa hiyo anafungia msasa ndani.

Shafti iliyotumika kutoka Japani

Hii ndiyo bidhaa tunayoipendekeza jointi ikiwa imeshakufa, kwa masharti. Chuma ni cha asili, mifereji imekazwa ipasavyo, na gari lililoitoa mara nyingi limetembea kwenye lami. Lakini katika rundo la duka kuna nzima na mbovu, na dakika tano za ukaguzi ndizo zinazozitenga.

Shika bakuli la nje, likunje mpaka mwisho, kisha lizungushe pole pole mzunguko mzima. Mkono usikie uzito wa grisi unaolingana kote. Ukihisi ngazi, mahali panaponasa na kuachia, mfereji umeshabonyea. Nyoosha shafti, shika ncha mbili, pindua mbele na nyuma kwa nguvu fupi fupi. Mlio mdogo wa "tik" ni uchezaji, iache. Upande wa ndani vuta na usukume, uteleze bila kukwama. Mwombe muuzaji akuruhusu kulegeza klampu moja ya buti ya nje na uitazame grisi. Nyeusi tii ni kawaida, ni molibdenamu hiyo. Yenye kumetameta kama unga wa fedha ina chuma kilichosagika. Ya rangi ya kahawia au maziwa imeingia maji. Muuzaji anayekataa kabisa kulegeza klampu amekujibu.

Kisha angalia sehemu tatu ambazo wanunuzi huzipita. Ya kwanza ni shingo laini inayoingia kwenye giaboksi, pale oili sili inapokaa: kutu yenye vishimo hapo itaikata sili mpya na giaboksi itavuja. Ya pili ni meno na uzi wa nati upande wa gurudumu. Ya tatu ni pete ya meno ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukipiga breki, iliyo kwenye bakuli la nje, kama gari lako linayo. Kutu chini ya pete huvimba na kuipasua, na ufa wa unywele unatosha kuichanganya sensa, hata breki zikatetemeka zenyewe gari likikaribia kusimama. Kwa magari ya pwani, yanayokula hewa ya chumvi, pete hii ndiyo tunayoitazama kabla ya kitu kingine chochote.

Ukishanunua, tupa buti zote mbili za zamani hata kama zinaonekana nzima, osha, weka grisi na buti mpya kabla ya kuifunga. Kazi ni moja, shafti iko mkononi tayari.

Zilizojengwa upya, na mpya za bei nafuu

Shafti iliyojengwa upya vizuri ni karibu sawa na mpya ya asili. Shafti ya zamani inafumuliwa, mifereji inasagwa upya, zinawekwa gololi kubwa kidogo kufidia chuma kilichoondolewa, kisha buti, klampu na grisi mpya. Uwezo wa njia hii unaishia kwenye unene wa ngozi ngumu: ukisaga kupita kiasi unafika kwenye chuma laini. Swali la kumuuliza muuzaji ni moja, je, mifereji imesagwa na gololi zimebadilishwa, au shafti imeoshwa na kupigwa rangi? Rangi mpya nyeusi juu ya meno yenye kutu inajibu kabla yake.

Jointi ya nje mpya peke yake inauzwa kwa vipimo vitatu vilivyoandikwa kwenye sanduku, kwa mfano 26x56x23. Katika mfano huu 26 ni meno ya upande wa habu (kitovu cha gurudumu), 56 ni kipenyo cha sili kwa milimita, 23 ni meno ya upande wa shafti. Ikiwa na ABS kunakuwa na namba ya nne, idadi ya meno ya pete. Toyota nyingi zina 48. Usinunue kwa jina la gari tu. IST yenye injini ya 1300 na ya 1500, ya magurudumu mawili na ya manne, haziwezi kuchukuliwa kuwa moja. Chukua ya zamani mkononi, hesabu meno, linganisha.

Ukilazimika kununua mpya, nunua ya mtengenezaji mwenye jina na namba ya spea iliyopigwa kwenye chuma chenyewe. Sanduku lenye jina na chuma kisicho na alama yoyote ni dalili mbaya. Na kama jointi ya nje peke yake inatosha, usivutwe na shafti nzima ya bei ndogo kwa sababu tu ni rahisi kuifunga. Shafti nzima inakuletea pia jointi ya ndani ya ubora uleule, wakati ya asili uliyoitoa ilikuwa bado nzima. Shafti ndefu ya kulia katika magari mengi ina uzito wa raba katikati, uliowekwa kuzima mtetemo. Nakala za bei ndogo mara nyingi huacha uzito huo, na dereva anabaki akilaumu matairi kwa mngurumo wa mwendo wa kasi.

Kabla hujanunua chochote, hakikisha unaponya ugonjwa wenyewe

Jointi nyingi nzuri hutupwa bure kwa sababu ya utambuzi wa haraka. Nenda uwanja wazi, kata usukani mpaka mwisho, ondoka taratibu huku ukiongeza mafuta kidogo. Mlio wa kugonga unaoharakisha pamoja na gurudumu ni jointi ya nje, kwa kawaida ya gurudumu lililo nje ya kona: ukikata kushoto, mshuku wa kulia. Gari likitetemeka pembeni wakati unakanyaga mafuta barabara iliyonyooka, na kutulia mara unapoachia, tazama jointi ya ndani. Roli zimechimba njia zake. Mngurumo usiobadilika kwa mafuta ila kwa mwendo ni beringi ya habu. Mtetemo wa usukani unaoanza kwenye kilomita 80 au 100 kwa saa, ukanyage au usikanyage, peleka kwenye balansi ya magurudumu.

Kuna ujanja wa zamani wa mafundi wa Land Cruiser: kuhamisha jointi ya kushoto iende kulia na ya kulia ije kushoto. Una mantiki. Ukienda mbele, gololi husukuma ubavu mmoja tu wa mfereji. Ukihamisha upande, zinasukuma ubavu ambao haujachakaa. Unaongeza muda, mradi buti na grisi ni mpya. Kwa gari dogo, ambapo shafti za pande mbili hazina urefu sawa, unahitaji jointi zinazovuliwa, na kazi yenyewe huenda isilingane na faida.

Kufunga buti bila kuharibu ulichonunua

Legeza nati ya habu gari likiwa chini na mtu amekanyaga breki. Soketi ya 30 ndiyo inayohitajika kwa Toyota nyingi. Weka jeki, kisha stendi, vua gurudumu, fungua kishikio cha waya wa ABS, tairodi endi na boljointi ya chini. Sukuma shafti itoke kwenye habu kwa nyundo ya plastiki, au rudisha nati mpaka ifunike uzi na ugonge juu yake. Uzi mtupu haugongwi kwa chuma. Upande wa giaboksi ng'oa kwa mtaimbo mdogo ukishika bakuli la ndani lenyewe. Anayevuta shafti kwa mikono anachomoa kichwa cha roli ndani ya bakuli lake na kuchana buti nzuri.

Kwa shafti ya asili, Toyota inataka upitie upande wa ndani hata kama buti iliyochanika ni ya nje. Weka alama za rangi kwenye bakuli, kichwa na shafti. Usizipige alama hizo kwa pini ya kutobolea. Toa pete, toa kichwa cha miguu mitatu, buti zote mbili zipite huko. Kugonga jointi ya nje kwa nyundo ili ivuke pete yake tunakukubali pale tu unapoitupa, maana kila pigo linaloifikia gololi linaacha alama kwenye mfereji. Osha kwa mafuta ya taa, kausha kabisa, kagua kila mfereji kwa kukunja jointi. Zungushia meno mkanda wa plastiki ili yasikate mdomo wa buti mpya. Kichwa cha miguu mitatu kinarudi na upande uliochongwa mshazari ukitazama jointi ya nje.

Jaza grisi, kaza klampu kubwa, kisha weka shafti katika urefu wake wa kawaida na uingize bisibisi bapa chini ya mdomo mdogo wa buti ili hewa itoke au iingie. Ndipo ukaze klampu ndogo. Ukiruka hatua hii buti inabaki imesinyaa au imevimba, mikunjo inasuguana, na utaibadilisha tena mapema. Pete ya kubania ya upande wa giaboksi iwe mpya, mwanya wake ukitazama chini, ipakwe oili kidogo. Ikiingia utahisi "tak", kisha jaribu kulivuta bakuli la ndani kwa mkono; lisitoke. Nati ya habu kwa Vitz na ndugu zake hukazwa kwa 216 Nm, kwa spana ya kupimia. Mashine ya upepo haijui kipimo, nayo ndiyo inayoanzisha beringi za habu kulia baada ya kazi ya shafti. Na gari lisisukumwe hata mita moja shafti ikiwa nje, kwa sababu shafti na nati yake ndizo zinazoibana beringi ya habu.

Oili ya giaboksi iliyomwagika irudishwe kwa kipimo na kwa aina ileile. Tumeona shafti ikilaumiwa kwa giaboksi iliyoungua, kumbe ilipungukiwa lita moja.

Jambo la spesa

IST nyingi zimeinuliwa kwa spesa juu ya shokapu ili zipite mashimo na matuta. Kila milimita unayoinua inaikunja shafti hata gari likiwa limesimama. Jointi ya nje haijali sana, imeumbwa kwa nyuzi 45 na zaidi. Ya ndani ndiyo inayoteseka: roli zake hufanya kazi kwa utulivu kwenye pembe ndogo, na kadiri pembe inavyokua ndivyo msukumo wa kwenda na kurudi unavyoongezeka mara tatu katika kila mzunguko, ukisikika kama tetemeko la kuondoka. Mikunjo ya buti nayo inagusana muda wote. Mtu aliyeinua gari akibadilisha jointi ya ndani kila mara anatibu dalili. Kwa gari kama hilo, hakuna shafti tuliyoipitia hapa tutakayoithibitisha mpaka spesa ipunguzwe, na fupi ya kushoto ndiyo ya kupima kwanza, kwa sababu kwa urefu mdogo pembe yake inakuwa kali zaidi.